Mtoto wa Likizo Hatumwi Dukani

Shangazi yetu wa Wete, Pemba, hakumuuliza mtu. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, kainua uso, kamwona mtoto wa kaka yangu kaegemea mlango na simu mkononi. Akafungua fundo la kanga, akatoa noti ya elfu mbili.

"We baba, shuka dukani hapo chini kaniletee ndimu na chumvi. Chenji irudi."

Mama yake mtoto akanyanyuka. "Shangazi, ngoja niende mimi."

"Wewe nimekutuma?"

Mtoto ana miaka 11. Kazaliwa na kukulia Uingereza, na kwa maelezo ya wazazi wake hajapata kuvuka barabara kubwa bila mtu mzima. Akamtizama mama yake, akaitizama noti, akachomeka miguu kwenye kandambili za kwanza alizozikuta, za mtu mzima, akatoka zake.

Kaka alikuwa barazani na kahawa yake. Hakusema kitu.

Wenyewe wamesharudi kwao. Mashuka yamefuliwa, sebule imerudi kuwa sebule, na mimi bado kile kitendo cha shangazi hakijanitoka. Maana muda wote waliokaa kwetu Unguja, hakuna hata mmoja wetu aliyemtuma yule mtoto kitu. Hata maji ya kunywa alikuwa analetewa alipokaa.

Mbona?

## Orodha ya mama

Msomaji wangu wa hapa anaijua orodha. Kila nyumba yenye mtu Ulaya au Arabuni inayo. Ya mama iliandikwa nyuma ya kalenda ya zamani, kwa wino mwekundu, na ilifuata umri wa wenye nyumba, si ujirani wa mitaa. Kwa hiyo siku moja ilituanzisha Kikwajuni, ikatupeleka mpaka Fuoni, halafu ikaturudisha Miembeni kwa mtu ambaye kutoka Kikwajuni tungemfikia kwa miguu. Nilipopendekeza tuipange upya, mama akaniuliza kama nataka bibi wa Miembeni atembelewe kabla ya wakubwa zake.

Nikanyamaza.

Kila nyumba ni ile ile. Hodi, karibuni, feni inawashwa, mtoto wa nyumba anakimbizwa dukani kuleta soda. Huyo wa nyumba katumwa; wetu kakalishwa kwenye kochi. Wanaitwa mmoja mmoja kubusu mikono. "Huyu ndiye yule aliyezaliwa njiti?" "Mashaallah, kachukua paji la marehemu babu yake." Halafu linakuja lile swali, linapitishwa juu ya kichwa cha mtoto kana kwamba hayupo: "Anajua Kiswahili?"

Anajua. Anaelewa karibu kila kitu, kujibu ndiko kunakompa taabu. Nyumba ya kwanza alijibu mwenyewe: "Najua kidogo kidogo tu." Matamshi yalikuwa ya Kizungu. Watu wakaangua kicheko, na mmoja akamwomba arudie ili na walioko jikoni wasikie. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kilikuwa kicheko cha mapenzi, na juu yake mtoto akatiwa noti ya elfu kumi mfukoni. Akarudia. Nyumba iliyofuata akatikisa kichwa tu. Mpaka tunafika Bumbwini, mama yake alikuwa anawahi kumjibia.

Mdogo wake, wa miaka 7, alijipatia dawa yake mwenyewe: analala. Kochi lolote, kelele zozote. Nilimwonea wivu.

Na bahasha je? Kaka alikuja nazo zimepangwa, kila mkubwa na yake, ya kumtia mkononi wakati wa kuaga. Wenyeji nao wanawatia watoto pesa. Nadhani ukipiga hesabu vizuri hakuna aliyepata wala aliyepoteza, isipokuwa wauza soda.

## Dirisha la tiketi

Siku zisizo na jamaa zilikuwa za matembezi. Mpango ni wa kaka: kama watoto wamevuka bahari, basi waone kitu zaidi ya makochi.

Msitu wa Jozani ndiko walikofurahi kuliko kote. Kima punju hawapatikani popote duniani isipokuwa visiwani kwetu, na hawana habari na mtu. Wanakula majani juu ya kichwa chako kama uko au huko. Lakini kabla ya kima kuna dirisha, na dirishani bei ni mbili. Mimi nikalipa ya mwenyeji. Kaka yangu, aliyezaliwa Wete, aliyenifundisha mimi kuendesha baiskeli, akalipa ya mgeni, yeye na familia yake. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na alipochukua wa kule aliuacha wa huku. Uwanja wa ndege alikuwa keshalipia viza dola 50 kila mmoja, na ile bima ambayo tangu Oktoba 2024 mgeni haingii Zanzibar bila nayo, dola 44 kwa mtu mzima.

Kaka hakubishana. Mimi nilibishana.

"Dada," akasema kijana wa dirishani, kwa adabu kabisa, "mimi natizama pasi, sitizami sura."

Na ukweli ni kwamba sina hoja dhidi yake. Msitu unahitaji walinzi na walinzi wanahitaji mishahara. Kilichonibana ni mtoto, aliyekuwa akisoma ule ubao wa bei neno kwa neno, na akamuuliza baba yake kwa Kiingereza kwa nini mimi, shangazi yake, ni rahisi kuliko wao. Baba akacheka. Mtoto hakuwa anatania.

Pengine tulipita haraka. Kisiwani Changuu waliwalisha kobe, wa kizazi cha wale walioletwa kutoka Seychelles mwaka 1919. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani Mji Mkongwe, tuliitizama kwa nje. Watoto walitaka kujua jumba linaangukaje, na nikawasimulia ile Desemba ya 2020, sehemu yake ilipoporomoka. Kizimbani tulilipia ziara ya viungo: kijana akatuvunjia tawi la mdalasini, akatuonesha karafuu mtini, akawasukia watoto kofia za makuti. Kaka alivaa na yake. Watu wa Pemba watanisamehe: nimelipa pesa kuoneshwa mkarafuu.

## Swali la Mkunazini

Palikuwa na mahali pamoja ambapo mtoto hakuwa mgeni wa mtu, nako ni Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Alisoma kila bango. Utumwa wamesomeshwa skuli. Alikuwa akinieleza mimi: soko lilifungwa 1873, Sultan alikuwa Barghash, Waingereza walimbana kwa manowari. Kiingereza kilimtoka bila kusita na mimi nilikuwa mwanafunzi wake, jambo ambalo lilimpendeza sana.

Tulipotoka kwenye vile vyumba vya chini akauliza, "Watu wetu walikuwa upande gani? Waliouzwa au waliouza?"

Kaka akanitizama. Mimi nikamtizama kaka.

Nyumbani kwetu swali hilo halikatazwi. Haliulizwi tu. Nikasema ni hadithi ndefu, twende Forodhani tukale urojo, na urojo ulikuwa mzuri.

## Kusi

Wanapokuja wao ni kiangazi cha kwao, sisi tuko katika kipupwe na kusi linapiga. Mkondo wa Nungwi, tunaoupita kwenda Pemba, wakati huo hauna huruma. Mama alikataa katakata tusivuke usiku. Tangu Septemba 2011, ilipozama Spice Islander na mamia ya watu waliokuwa wakielekea Pemba, hana mjadala katika hilo. Tulivuka mchana. Watoto walitapika, wifi alitapika, kaka aliyekuwa akijisifu kuwa ni mtoto wa bahari alikaa macho kayafumba mpaka bandari ya Mkoani.

Yatosha.

## Majamvi

Nirudi kwa yule aliyetumwa. Alikawia. Wifi alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Shangazi aliendelea na nazi yake. Hatimaye akatokea, na nyuma yake watoto wawili wa jirani. Ndimu zipo, chumvi ipo, chenji ipo. Shangazi akaihesabu mbele yake, akaitia kwenye fundo.

"Haya. Sasa kalete barafu."

Hakumsifu. Hakusema mashaallah, hakumwuliza alizungumza nini na mwenye duka, hakumcheka. Mtoto akageuka na kutoka tena, na safari hii alikuwa anakimbia, kandambili zikimpwaya.

Kuanzia hapo hakukaa. Ulikuwa msimu wa karafuu na nyumba ya shangazi msimu wa karafuu haina mtu wa kukaa. Wachumaji wanarudi jioni na magunia, watu wanazunguka lundo la karafuu mbichi ukumbini, mnachambua: karafuu huku, makonyo kule, vidole vinanuka wiki nzima. Asubuhi zinaanikwa juani juu ya majamvi. Wingu likitanda tu, mtu anapiga kelele na kila mwenye mikono anakimbilia majamvi kabla ya manyunyu, kwa sababu karafuu iliyorowa inaharibika rangi, na rangi ikiharibika, daraja linashuka kwenye mizani ya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Nimemwona yule wa miaka 7, bingwa wa usingizi, anavuta ncha ya jamvi kubwa kuliko yeye.

Hapo ingefaa nisimame na kusema kwamba hayo ndiyo maisha. Sisemi, kwa sababu pembeni yake alikuwepo mtoto mwingine.

Mjukuu wa shangazi, rika la yule mkubwa wetu. Huyu anachambua kwa malipo, pishi kwa pishi, na pesa zina kazi: madaftari, viatu vya skuli. Vidole vyake vinakwenda hata macho hayatizami. Wetu akachambua kidogo, akapiga picha, akachambua tena. Shangazi alimlipa na yeye, kwa bei ile ile, na alipata kidogo sana, na alizionesha zile sarafu kwa kila mtu. Kwa mwenzake ile ni kazi. Kwa huyu ilikuwa Kizimbani nyingine, tofauti ni kuwa safari hii kalipwa yeye.

"Kwenu mnachambua nini?" yule mjukuu akamuuliza.

Mtoto akafikiri kwa dhati. Akakosa jibu.

Najua nikimwambia shangazi haya atasema nina maneno ya kusoma sana. Lakini nilipowaona wale wawili wamekaa bega kwa bega sikuwa na hakika nimefurahi au nimeona haya.

Usiku huo huo, wakichambua, mtoto alilirudia swali lake. Kwa Kiswahili chake, kibovu, mbele ya ukumbi mzima: watu wetu waliuza au waliuzwa?

Shangazi hakuinua macho. "Babu wa babu yako upande mmoja alikuja huku na shamba na watu wa kulilima. Mama yake bibi wa baba yako alikuwa katika hao watu. Umetoka kote kuwili." Akatupa makonyo pembeni. "Na shamba lile si hili. Hili ni eka tatu, tulipewa baada ya Mapinduzi."

Mimi nina umri wa kuwa na watoto wakubwa na nilikuwa naisikia sentensi ya pili kwa mara ya kwanza.

Kwenye vitabu ipo yote: kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo ghala la karafuu, mikono ya watumwa ikahitajika zaidi huku hata soko la Mkunazini lilipokuwa linafungwa, na utumwa wenyewe haukupigwa marufuku Zanzibar mpaka 1897. Nimeyasoma. Sikuwa nimemweka mama yake bibi yangu ndani yake.

"Kwa hiyo yote mawili?" mtoto akauliza.

"Chambua," akasema shangazi.

## Wifi ana hoja

Nilidhani wifi aliogopa barabara. Au mbwa, au watu wabaya, yale mambo wanayoyaogopa wazazi wa kule. Nilikuwa tayari na hotuba yangu kuhusu Wete, ambako mtoto akijikwaa mtaa wa juu habari inafika kabla yake.

Tukiwa tunaosha vyombo akanambia haikuwa hivyo.

"Niliogopa atachekwa."

Wifi kazaliwa Mombasa, kaondoka mdogo. Anasema kila wanaporudi, huku au kwao, mtoto anafunga mdomo nyumba kwa nyumba, na wakifika Uingereza inachukua miezi kumrudisha kwenye Kiswahili hata cha kuombea chai. Alikuwa anamjibia ili kumlinda. Alivyoona noti ya shangazi aliona duka, foleni, watu wazima, na mwanawe katikati akisema "nipe ndimu" kwa lafudhi ile.

Mwenye duka hakucheka. Alikuwa na wateja. Alimuuliza "ngapi?", akajibiwa, akafunga.

Nimelifikiria sana hilo. Sisi jamaa, tuliovaa vizuri na kununua soda, ndio tuliomfunga mdomo mtoto wetu kwa mapenzi. Mtu asiyemjua, mwenye haraka zake, akamfungua. Sijui niliweke wapi. Siwezi kuwaambia wazee wa Miembeni wasicheke. Kicheko chao ndiyo namna yao ya kumkumbatia, na kwa watoto wanaokulia hapa kinafanya kazi hiyo vizuri tu. Mtoto wa hapa akichekwa asubuhi, jioni keshapata nafasi ya kumcheka mwingine. Huyu anachekwa, anaondoka, anakaa nacho mwaka mzima.

Na upande wa pili: tungemtumaje? Mama angeona aibu gani, mgeni wa Ulaya kaonekana mtaani na ndoo? Majirani wangesema tumewapokea wageni tukawafanya watumishi. Shangazi wa Wete hana majirani wa aina hiyo, au anao na hawajali. Watu wa Unguja tunapenda kujiona tuna adabu zaidi ya Wapemba. Adabu yetu ndiyo iliyomkalisha mtoto kwenye kochi.

## Mwakani

Ubishi umehamia kwenye kundi la familia la WhatsApp, na unaendelea.

Mimi nimependekeza kikao kimoja: mualiko mkubwa nyumbani, jamaa wote waje siku moja, orodha iishe. Mama kajibu kwa sauti, ujumbe mfupi kuliko yote aliyowahi kutuma: "Wakubwa hawaitwi. Wanafuatwa."

Wifi, nani angedhani, akaandika kwamba mkubwa anaomba akae Wete likizo nzima. Peke yake. Kwa shangazi.

Aliyekataa ni kaka.

Alituma sauti ndefu usiku, na nimeisikiliza zaidi ya mara moja. Anasema tunasimulia karafuu kama sikukuu. Anasema yeye katumwa utotoni mpaka kachoka: maji, kuni, dukani, shamba, kabla ya skuli na baada ya skuli, na kapanda mikarafuu ambayo tawi lake likikatika halitoi onyo, na rafiki yake alianguka. Anasema alivuka bahari ili wanawe wasitumwe na mtu, na sasa mimi, niliyekuwa mdogo na sikutumwa mahali, nimeona kitendo kimoja cha ndimu nikaandika falsafa.

Ana kweli yake. Nilikuwa kitinda mimba. Nilikuwa naletewa maji. Ila yeye anazungumzia mtoto ambaye hakuwa na hiari, na aliyeomba kurudi ni mtoto aliyekuwa nayo. Nilimwandikia hivyo. Akajibu kwamba yule mjukuu wa shangazi hana hiari mpaka leo, na nikakosa la kuongeza, kwa sababu hilo nililiona mwenyewe ukumbini.

Tulikofikia kwa sasa, baada ya wifi kuingia kati, ni hivi. Kaka atabaki Unguja na orodha ya mama, nyumba zote, kwa mpangilio wa umri, bahasha zake mfukoni. Wifi na watoto watateremkia Pemba moja kwa moja, kwa ndege ya Chake, maana boti ya kusi hawaitaki tena. Watakaa kwa shangazi. Kupanda mikarafuu marufuku, dukani ruhusa. Madaftari na viatu vya yule mjukuu kaka kasema ni juu yake, na shangazi bado hajakubali, anasema mtoto ana mikono.

Mama hajaambiwa. Hasomi blogu, na anayemjua namwomba asimpelekee.